Kabla ya Kupapasa Uzi, Uliza Nani Atafua

Mtu akiniuliza anunue uzi gani wa kufumia sweta ya mtoto, shali ya bibi au kofia ya rafiki, simjibu papo hapo. Namuuliza kwanza: nani atakayefua? Wengi hushangaa, maana walikuja tuzungumze rangi na ulaini. Lakini sweta hufumwa mara moja, kufuliwa ni miaka. Mama mwenye mtoto mchanga hana muda wa kukaa na beseni la maji ya vuguvugu akiminyaminya kisweta kwa upole. Atakitumbukiza pamoja na nguo nyingine, na ana haki. Kikitoka humo kimekuwa saizi ya mwanasesere, lawama si zake. Ni za aliyechagua uzi.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: kufua kwanza, ngozi ifuate, mfuko uje wa tatu. Najua wengi wetu huanza na mfuko, na simlaumu mtu. Ila uzi wa bei ya chini unaochakaa baada ya kufuliwa mara chache umekula pesa zako na jioni zako zote ulizokaa na sindano. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema: ulaini, unafuu na wepesi wa kufua vinaweza kukaa kwenye uzi mmoja, lakini ni nadra vyote vitatu viwe katika kiwango cha juu. Kimoja kitapungua kidogo. Kazi yako ni kuamua kipungue kipi, na jibu hubadilika kulingana na kitu unachofuma.

Vidole ni shahidi mbaya

Dukani sote tunafanya jambo lilelile: tunachukua donge la uzi, tunalibonyeza, tunapitisha vidole juu yake, tunatabasamu. Ngozi ya kiganja ni nene na imezoea kazi, inavumilia mengi. Watakaoulalamikia uzi baadaye ni shingo, kwapa, tumbo na upande wa ndani wa kiwiko. Mimi huliweka donge chini ya taya, ubavuni mwa shingo, nikalisugua taratibu kisha nikaliacha hapo huku naendelea kutazama rangi nyingine. Mwenye duka akinitazama vibaya, na atazame. Muwasho huchukua muda kujitokeza, kwa hiyo usikimbilie kusema uzi ni mzuri.

Jambo jingine ni kwamba uzi mwingi hutoka kiwandani ukiwa na mabaki ya mafuta ya kusokotea au dawa ya kulainisha, na sehemu kubwa ya vitu hivyo huondoka na maji ya kwanza. Ndiyo maana kuna uzi unaoteleza vizuri sana ukiwa dukani, ukishafuliwa unakuwa mkavu. Na kinyume chake kipo: kitani, na pamba isiyong'aa, huweza kuanza vikiwa vigumu kidogo kisha vikalainika kadiri vinavyofuliwa. Ulaini unaoushika dukani ni ahadi tu.

Kwa upande wa sufu, muwasho una sababu inayoeleweka vizuri. Unene wa nywele za kondoo hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Ncha ya unywele wenye unene wa zaidi ya mikroni 30 hivi haipindi inapogusa ngozi. Inachoma, na mishipa ya fahamu inapeleka habari. Ncha nyembamba hujikunja zenyewe na ngozi haina la kusema. Kondoo wa aina ya merino hutoa sufu ya chini ya mikroni 24, na ile nzuri zaidi hufika 17 mpaka 19. Sufu ya kutengenezea mazulia huenda mbali juu ya 30. Zote hizo kwenye lebo zinaweza kuandikwa maneno yaleyale, "sufu asilimia 100". Kwa hiyo mtu anayesema "mimi sufu inaniwasha" huenda alivaa sufu nene tu, na bado hajakutana na merino. Sisemi kila ngozi itakubali. Nasema usifute kondoo wote kwa sababu ya mmoja.

Sasa nije kwenye mtego unaowanasa wengi. Uzi unaovutia kuliko wote kuushika mara nyingi ni ule uliosokotwa kilegevu, wenye unyoya mwingi, tena wa uzi mmoja tu usioshikwa na wenzake. Ulaini huo unatokana na ncha nyingi za nyuzinyuzi fupi zilizojitokeza nje. Ncha hizohizo ndizo zitakazosuguana kwapani na viwikoni mpaka zijiviringe kuwa vinundu. Uzi uliosokotwa kwa nyuzi nyembamba tatu au nne zilizobanwa vizuri hauna utamu huo mkononi, lakini hudumu, na kwa nguo ya mtoto anayetambaa au mtu mzima anayebeba mkoba begani kila siku, ndio ninaouchagua bila kusita. Uzi wa mmoja peke yake nauacha kwa shali na kofia, vitu ambavyo havisuguliwi sana.

Kipimo changu ni rahisi na hakihitaji kununua kitu. Shika ncha ya uzi kati ya kidole gumba na cha shahada, uisugue kwa nguvu huku na huku kwa muda. Ikiwa inafumuka na kuvimba mara moja, au inaanza kutoa vijinyoya, hivyo ndivyo sweta yako itakavyokuwa baada ya msimu mmoja. Kisha vuta kidogo: uzi unaokatika kirahisi mara nyingi ni wa nyuzinyuzi fupi. Utaufuma, lakini mkononi mwa mfuaji mwenye haraka hautafika mbali.

Akriliki haina haja ya kutetewa, lakini nitaitetea

Kuna wafumaji wanaoikunjia akriliki pua. Nimekaa nao, nawapenda, na sikubaliani nao. Akriliki ni plastiki, ndiyo; imetengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli, na ilianza kuuzwa na kampuni ya DuPont ya Marekani kwa jina la Orlon mnamo 1950. Lakini ukilinganisha bei, wingi wa rangi na jinsi inavyostahimili mashine ya kufulia, hakuna uzi unaoifikia. Haisinyai kwa ufuaji wa kawaida. Nondo hawaitaki. Inakauka haraka kwa sababu hainywi maji. Wakati sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, akriliki hushika kidogo sana. Blanketi la mtoto linalotapikiwa kila siku nafuma kwa akriliki au mchanganyiko wake, na sijawahi kuona haya.

Hiyo tabia ya kutokunywa maji, hata hivyo, ina upande wa pili. Mwili ukitoa jasho, jasho hubaki kwenye ngozi. Kwa hiyo sweta ya akriliki tupu iliyofumwa nene humfanya mtu asikie joto, kisha unyevu, kisha baridi. Pia huvuta umeme tuli, ule unaofanya nywele zisimame unapoivua. Hayo yanavumilika. Lisilovumilika ni moto. Pasi ya moto au mvuke wa karibu huilaza akriliki, ikapoteza mnyumbuko wake, ikawa bapa na yenye kung'aa, na hairudi tena. Mashine ya kukaushia iliyowekwa kwenye joto kali hufanya hivyohivyo pole pole. Na usifume kamwe vitambaa vya kushikia sufuria kwa akriliki: ikikutana na chombo cha moto huyeyuka, na plastiki iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi. Hapo tumia pamba au sufu, na usijadiliane na mtu.

Akriliki zenyewe zinatofautiana sana. Ile mbaya unaisikia kabla hujaiona: bonyeza donge karibu na sikio, ikitoa mlio wa kukwaruza, itakuchosha vidole na itakwama kwenye sindano. Nzuri ni ile iliyotengenezwa kwa nyuzinyuzi nyembamba zaidi. Inakaa kimya na inalala vizuri. Baadhi ya viwanda huandika kwenye lebo kwamba uzi wao umetengenezwa usitoe vinundu, na kwa ninavyoona huo huzidi ule wa kawaida, ingawa mkononi huwa na ulaini kidogo pungufu. Unaona? Kimoja kimepungua, na ni kile ambacho kwa sweta ya shule hakina uzito.

Hata ile iliyo ngumu kidogo usiitupe kabla ya kuifua. Fuma kipande, kifue, kikaushe kwa joto la chini kabisa au kianike, kisha kishike tena. Mara nyingi hubadilika kuliko ulivyotarajia.

Pamba, na mchanganyiko ninaourudia

Pamba haiwashi, inapumua, inavumilia maji ya moto, na pamba nyeupe unaweza hata kuichemsha. Kwa vitambaa vya kuogeshea mtoto, taulo ndogo na blauzi za majira ya joto ni uzi usio na mpinzani. Matatizo yake ni mawili: uzito, na kutovutika. Unywele wa sufu una mikunjo ya asili inayourudisha mahali pake ukivutwa, pamba haina. Sweta kubwa ya pamba tupu hujivuta yenyewe kwenda chini kwa uzito wake, hasa ikiwa imelowa, na mikono iliyokuwa ikiishia kwenye kifundo inafika kwenye vidole. Ukiikaushia kwenye kamba, umeisaidia kujiharibu. Mikononi na kiunoni pia hulegea mapema, kwa hiyo fuma sehemu hizo kwa sindano ndogo zaidi kuliko ulivyozoea.

Utakutana na pamba inayong'aa na isiyong'aa. Ile inayong'aa imepitishwa kwenye magadi makali ya sodiamu, mbinu iliyopewa jina la Mwingereza John Mercer, aliyeisajili mwaka 1850. Ina nguvu zaidi, inashika rangi vizuri, haitoi unyoya. Isiyong'aa ni laini zaidi kwa ngozi, ila huchakaa mapema kwa kutazama. Kwa mtoto mchanga nachukua isiyong'aa. Kwa mkoba au kitambaa cha meza, inayong'aa.

Lakini nikilazimishwa kuchagua uzi mmoja tu wa nguo za watoto maisha yangu yote, nitachukua mchanganyiko wa pamba na akriliki, nusu kwa nusu au pamba ikizidi kidogo. Pamba inaleta pumzi na ulaini usiowasha. Akriliki inapunguza uzito, inaharakisha kukauka na kuzuia nguo isining'inie. Unafuliwa pamoja na nguo nyingine bila sherehe. Bei yake haitishi. Wasiopenda husema unaonekana wa kawaida sana, na ni kweli. Mtoto hajali.

Kuhusu uzi unaoitwa wa mianzi, tahadhari kidogo. Mwingi ni viskosi: mianzi imeyeyushwa kwa kemikali ikatolewa upya kuwa nyuzinyuzi laini, zenye kung'aa na zenye kuteleza. Shingoni ni mzuri mno. Ila viskosi hupungukiwa nguvu inapolowa, ni nzito, na hulegea kuliko hata pamba. Ukikuta mianzi ni sehemu ndogo ya mchanganyiko, chukua. Ikiwa ni yote au karibu yote, fumia shali, si sweta ya mtu anayeirusha kwenye mashine.

Sufu inayokubali mashine

Sufu ya kawaida husinyaa kwa sababu kila unywele una magamba madogo. Ikikutana na maji, joto na kusuguliwa, magamba hukamatana na hayaachiani. Kitambaa kinakuwa kizito, kigumu na kidogo. Sabuni kali ya magadi inaharakisha, na kuitoa kwenye maji ya moto na kuitia ghafla kwenye ya baridi kunamaliza kazi. Hakuna dawa ya kurudisha kitambaa kilichokwisha kushikana hivyo, na video zinazodai ipo kwa kutumia kilainisho cha nywele (conditioner) huishia kunyoosha kidogo tu kile ambacho hakikuwa kimeshikana kweli.

Sufu inayofulika kwa mashine imefanyiwa kazi kiwandani: kwa njia iliyoenea zaidi magamba hupunguzwa kwa klorini, kisha unywele hupakwa utando mwembamba wa resini. Haishikani tena. Ni laini, inateleza, inang'aa kidogo, na rangi zake zina kina. Ukiona lebo ya sufu yenye alama ya beseni na namba 30 au 40 ndani, ndiyo hiyo.

Wanachosahau kukuambia ni kwamba, magamba yakiondoka, vitanzi navyo hupungukiwa na kitu cha kushikilia. Nguo hukua. Inatoka kwenye maji ikiwa ndefu na legevu, na mfumaji anapatwa na hofu. Mara nyingi, kuikausha mpaka ibaki na unyevu kidogo kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la chini huirudisha, ikiwa lebo inaruhusu, kisha unamalizia kwa kuilaza bapa. Bila mashine, isukume kwa mikono irudi kwenye vipimo vyake ikiwa bado imelowa. Na tangu mwanzo ifume ikiwa imebana kiasi kuliko unavyofuma sufu ya kawaida.

Kwa soksi, tafuta yenye nailoni; mgawanyo wa kawaida ni sufu asilimia 75 na nailoni 25. Bila nailoni kisigino kitatoboka kabla hujamaliza kuifurahia.

Na sufu isiyofanyiwa kitu? Usiidharau kwa sababu ya bei wala kwa sababu ya beseni. Haihitaji kufuliwa mara kwa mara; kuitundika penye hewa usiku mmoja huondoa harufu nyingi. Mtu mzima mwenye subira, anayeivaa juu ya shati, atakaa nayo miaka na kuifua mara chache sana. Pia haishiki moto kirahisi, ambalo si jambo dogo kwa anayekaa karibu na jiko. Tatizo ni moja tu: usimpe mtu usiyejua tabia zake za kufua.

Hesabu iliyofichwa kwenye lebo

Bei iliyobandikwa kwenye donge haisemi chochote mpaka uitazame pamoja na mita. Uzito wa gramu nao unapotosha, kwa sababu pamba ni nzito na akriliki ni nyepesi. Chukua mfano: donge la pamba la gramu 50 lina mita 85, na donge la akriliki la gramu 100 lina mita 290. Sweta yako inahitaji mita 1,000. Ya kwanza utanunua madonge 12, ya pili manne. Hata kama donge la akriliki linauzwa mara mbili ya lile la pamba, bado utalipa theluthi mbili tu ya gharama. Gawanya bei kwa mita, kila mara, hapohapo dukani, kwa simu. Nimeona watu wakikimbilia kikapu cha punguzo na kutoka na uzi uliowagharimu zaidi kwa mita kuliko ule waliouacha kwenye rafu.

Mita 1,000 pia si namba takatifu. Uzi mnene huhitaji mita chache kwa nguo ileile, mifumo ya misuko na vifundo hula zaidi kuliko ufumaji wa kawaida. Madaraja ya unene ya 0 mpaka 7 yaliyowekwa na Craft Yarn Council, chama cha watengenezaji wa uzi cha Marekani, hukusaidia kulinganisha uzi wa kiwanda kimoja na kingine, ingawa ndani ya daraja moja kuna tofauti, kwa hiyo usibadilishe uzi kwa kuangalia namba hiyo peke yake. Mimi hununua donge moja zaidi ya hesabu, na kuhakikisha madonge yote yana namba moja ya mkupuo wa rangi, yaani yalitiwa rangi pamoja. Mikupuo miwili ya "bluu" ileile huonekana sawa chini ya taa za dukani, na hutofautiana mchana kweupe, katikati ya mgongo.

Alama za kufua zijifunze mara moja uachane nazo. Beseni lenye namba ni joto la juu kabisa la maji kwa selsiasi. Mkono ndani ya beseni ni kufua kwa mkono. Mstari chini ya beseni unataka mzunguko wa upole, mistari miwili upole zaidi. Beseni lililopigwa alama ya X, usitie majini. Pembetatu ni habari ya dawa ya kung'arisha. Pasi yenye nukta moja ni ya joto la chini. Uzi ukiwa hauna lebo kabisa, choma kijiuzi kidogo ukikishika kwa koleo juu ya sahani ya chuma: sufu hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika, pamba hunuka karatasi, akriliki huyeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi. Mchanganyiko huchanganya pia harufu, lakini kipunje kigumu hakidanganyi.

Kifue kabla hujakifuma

Hapa ndipo wengi hunitazama kana kwamba nawaongezea kazi. Fuma kipande cha majaribio, angalau sentimita 15 kwa 15 ili uweze kupima 10 za katikati bila kusumbuliwa na kingo. Kipime. Kisha kifue jinsi mwenye nguo atakavyofua, si jinsi wewe ungefua. Kama atatupia kwenye mashine pamoja na suruali za jeans, kitupie humo. Kikaushe kwa njia yake. Kipime tena, kishike, kisugue, kiweke shingoni.

Sentimita 10 zikiwa 11, kifua cha sentimita 90 kitakuwa 99. Ni bora ulijue hilo ukiwa na kipande cha kiganja kuliko ukiwa na sweta nzima. Ukiweza, kirudie kwenye maji mara kadhaa zaidi kabla ya kuamua, maana vinundu haviji siku ya kwanza.

Usisahau rangi. Nyekundu, nyeusi na bluu iliyokolea ndizo zinazoongoza kwa kuchuja. Lowesha kipande, kifunge ndani ya kitambaa cheupe, kikandamize na ukiache mpaka kikauke. Kitambaa kikipata doa, usiuweke uzi huo pembeni ya mweupe. Watu watakushauri siki au chumvi kwenye maji baridi. Kwa pamba ambayo rangi yake haikushika vizuri kiwandani, hilo halifungi chochote. Suuza mpaka maji yawe safi, au tumia uzi huo peke yake.

Kuna aina chache ambazo siku hizi nazipita bila kusimama. Uzi wa mahameli, ule mnene wa poliesta unaoteleza, ni laini kupita zote na hufuliwa, lakini vitanzi vyake hujitokeza nje ovyo na ukikatika hunyonyoka mpaka kwenye uzi wa katikati; nautumia kwa wanasesere waliofumwa kwa kubana, basi. Nyuzi zenye manyoya marefu, pamoja na sufu ya sungura na ya mbuzi wa Angora, siziweki karibu na mtoto mchanga, kwa sababu manyoya huishia mdomoni na puani. Alpaka, uzi wa manyoya ya mnyama wa jamii ya ngamia, ni nzuri, ina joto, haina mnyumbuko. Shali ndiyo, sweta ya kufulia mashine hapana.

Kama mfuko ni mwembamba kweli, uzi laini wa bei rahisi kuliko wote umo ndani ya sweta kuukuu. Geuza ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ikiwa vipande vimefumwa kila kimoja kwa umbo lake kisha vikaunganishwa, utafumua uzi mrefu. Ikiwa kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa mshono wa mashine, iache. Utapata vipande vifupi visivyo na faida. Angalia lebo yake ya kufua, maana hiyo nguo imekwisha kufanyiwa majaribio na mtu mwingine kwa miaka: kama haijasinyaa wala kuchuja mpaka sasa, haitaanza kwako. Zungushia uzi uliofumuliwa kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uoshe, uutundike ukiwa na uzito mdogo chini ili mikunjo inyooke.

Nguo ikishakamilika, igeuze ndani nje kabla ya kuifua, itie kwenye mfuko wa wavu ukiwa na mashine, na kwa sufu epuka sabuni zenye vimeng'enya, kwa sababu vile vinavyokula madoa ya protini vinakula na sufu, ambayo yenyewe ni protini. Dawa ya kulainisha nguo siitumii kwenye taulo za pamba. Zinaacha kunyonya maji. Anika bapa, mbali na jua kali.

Ukimpa mtu nguo uliyofuma, mpe na karatasi ya lebo. Kisha chukua urefu wa mkono wa uzi uleule, uushikize kwa ndani kwenye mshono wa ubavu. Utafuliwa pamoja na nguo, utapauka pamoja nayo, na kiwiko kitakapotoboka, kiraka kitakuwa na rangi ya sweta ilivyo siku hiyo, si ilivyokuwa dukani.